Nani Ampigie Mwenzake

Kulikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Huko kuitaja nchi bila kibali ni kosa, kibali hutolewa kwa simu, na hadithi yenyewe ni ya hiyo simu. Basi tuiite nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, na ina mawaziri wa kutosha hata kwa vitu ambavyo haina.

Serikali yake yote ilikaa katika jengo moja refu liitwalo Jumba la Utumishi. Wakubwa walikusanywa humo ili wawe karibu na washauriane. Ingawa walikuwa karibu hivyo, hakuna aliyewahi kubisha hodi kwa mwenzake, maana kumfuata mtu ofisini kwake ni kukiri kuwa yeye ndiye mkubwa. Wakashauriana kwa simu.

Na simu nayo ilikuwa na adabu zake. Mkubwa wa nchi ile hampigii mtu, hupigiwa. Wala hashiki mkono wa simu mpaka mwenzake awe ameshaushika upande wa pili na anasubiri, kwa sababu anayesubiri ndiye mdogo. Simu za mkononi walikuwa nazo, tena tatu tatu, lakini zote zilikuwa za kupokelea. Kwa hiyo wakubwa wawili wakitaka kuzungumza, wanaoteseka ni makatibu muhtasi wao.

"Dada, mweke wako kwanza."

"Aa! Si wewe uliyepiga? Mweke wako."

"Wangu hawekwi kwanza, dada. Utanifukuzisha kazi."

Kuna wizara mbili zilizowahi kushindana hivyo tangu chai ya asubuhi mpaka watu wanafunga madirisha, na jambo walilotaka kuzungumzia lilikuwa ghala linaloungua. Ghala halikuwa na adabu hizo. Liliungua kwa wakati wake.

Aliyeiokoa serikali na balaa hilo ni Bi Tunu, opereta wa swichibodi, mama mnene mwenye sauti laini na ulimi mkali. Alikaa chumba cha chini, mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, birika la chai pembeni, na kila simu ya Jumba ilipita mikononi mwake. Wakubwa wawili walipotafutana, alimwambia wa kwanza, "Mheshimiwa, mwenzako yupo kwenye laini, anakusubiri." Kisha akamgeukia wa pili, akamwambia maneno hayo hayo. Halafu akaunganisha. Kila mmoja aliinua mkono wa simu akijua kwamba ndiye aliyesubiriwa, na mazungumzo yakaanza kwa furaha. Nchi ilikaa kwa amani miaka mingi kwa uongo huo mdogo, na hakuna aliyeujua isipokuwa Bi Tunu na Bwana Nasibu Kingazi.

Bwana Nasibu alikuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Simu. Si mkubwa sana, lakini alikuwa mkubwa wa kutosha kusubiriwa na mama yake. Mama huyo aliishi peke yake Kwabondo, mji ulio bondeni chini ya Bwawa Kuu, na kila Ijumaa alimpigia mwanawe. Nasibu alikuwa amemwambia apige namba ya ofisini, ndiyo yenye heshima. Bi Tunu akimjulisha kuwa mama yupo kwenye laini, Nasibu alipanga kwanza karatasi zake, akakohoa, akanywa funda la chai, akatazama dirishani kidogo, ndipo akapokea. Hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake sana, ila alimpenda kwa ngazi ya mshahara wake.

Ikaja siku serikali ikaamua kwamba simu za waya zimepitwa na wakati, au pengine hazijapitwa, na ili kujua lipi ni lipi ikaundwa Kamati Teule ya Kuchagua Simu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mbwilo, mtu aliyeongoza kamati nyingi na hajawahi kufikia uamuzi ambao ungeweza kumrudia. Nasibu alikuwa katibu. Alitamani sana mfumo mpya upite, kwa kuwa alishanong'onezwa kwamba ukipita, lile neno "Msaidizi" litaondoka kwenye mlango wake.

Mtaalamu wa kampuni ya simu za mtandao alikuja na tai nyekundu na picha za ukutani. Akaeleza kwamba sauti itasafiri kwenye mtandao kama barua pepe zinavyosafiri, kwamba nyaya za zamani zitang'olewa, na kwamba mtu ataweza kuhamia chumba kingine na namba yake ikamfuata.

"Itanifuata mpaka wapi?" aliuliza mjumbe mmoja kwa wasiwasi.

"Popote utakapokuwa, mheshimiwa."

"Hata siku nikiwa nimetoka kidogo?"

Wajumbe wakatazamana. Katika Jumba lile, kutoka kidogo ilikuwa sehemu kubwa ya kazi.

Mjumbe mwingine akasimama kuitetea simu ya waya. "Waya ukikatika, unaona pa kuuunga. Mtandao ukikatika, tutaunga wapi? Hewani? Na umeme ukizimika, simu ya waya inalia kama kawaida. Hiyo yenu?"

"Hiyo tutaiwekea betri," alisema mtaalamu.

"Na betri italindwa na nani? Waya wenyewe tu wa shaba umetushinda. Ukitaka kuziona nyaya za ghorofa ya tano, nenda sokoni, utazikuta zimeshakuwa bangili."

Hapo akawa ameuvunja utetezi wake mwenyewe, akakaa. Ndipo mjumbe mzee kuliko wote akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: "Hiyo simu itajuaje kwamba mimi ni mkubwa?"

Mtaalamu akatabasamu bila kujua anatembea wapi. "Haijui, mheshimiwa. Unabonyeza namba ya mwenzako, yeye anapokea, mnaongea. Basi."

Wajumbe wakaanza kufunga mafaili yao. Nasibu aliona cheo chake kinayeyuka. Lakini Bwana Mbwilo aligonga meza kwa kalamu, akasema kwa sauti ya kuhutubia taifa: "Ndugu wajumbe, teknolojia ni sawa na mtumishi mpya. Leo haijui wakubwa. Kesho itajifunza. Napendekeza majaribio."

Wakapiga makofi, kwa sababu majaribio si uamuzi.

Basi swichibodi ikang'olewa, ikapelekwa stoo ya viti vibovu. Bi Tunu naye akapelekwa huko huko, kwa kuwa katika mali za serikali alihesabiwa pamoja nayo. Alibeba birika lake, akachukua sindano na uzi, akaanza kufuma vitambaa vya makochi.

"Bi Tunu, usinune," Nasibu alimwambia pale mlangoni. "Ni maendeleo."

"Sinuni, baba. Nitanunaje wakati nalipwa kwa kufuma? Wewe kaa na maendeleo yako. Nakuuliza moja tu. Nani atawaambia kuwa wanasubiriwa?"

Nasibu alicheka. Alikuja kulikumbuka swali hilo baadaye, na hakucheka tena.

Simu mpya zikawekwa mezani, nyeusi, zinang'aa, kila moja na taa yake ya kijani ya kuonyesha kwamba mwenyewe yupo na yuko tayari. Wakubwa walikaa mbele ya taa zao wakisubiri kupigiwa. Wote. Waziri wa hili alimsubiri Waziri wa lile, na wa lile alimsubiri wa hili, na makatibu muhtasi waliosha vikombe visivyotumika. Jumba likawa kimya hata ukikoroga chai ghorofa ya juu, wa chini anajua umeweka sukari.

Bwana Mbwilo alifurahi mno. Aliandika taarifa kwamba mfumo umefanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa: hakuna simu iliyokatika, hakuna iliyokwaruza, na hakuna mtumishi hata mmoja aliyelalamika kuwa amepigiwa akapoteza muda wa kazi.

Halafu mvua ikanyesha.

Ilinyesha milimani, ikashuka, ikajaa Bwawa Kuu, ikaendelea kunyesha. Mlinzi wa bwawa akaleta ujumbe kwamba maji yamebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni, na milango isipofunguliwa kidogo kidogo siku hiyo hiyo, ukuta utapasuka na Kwabondo itaondoka yote kwa mkupuo mmoja.

Kufungua milango si kazi. Kuna usukani, unazungushwa. Tatizo lilikuwa sheria. Maji yakiwa ndani ya bwawa ni ya Wizara ya Mabwawa. Yakishatoka ni ya Wizara ya Mito. Na maji katika nchi ile hayahami wizara mpaka mawaziri wawili wazungumze.

Nasibu aliusoma ujumbe. Akatoa simu yake ya mfukoni, akaitazama. Mama hajapiga. Ijumaa iliyopita nayo hakupiga, si hapa wala ofisini. Akairudisha mfukoni, roho juu, akapanda ngazi mbio kwenda kwa Waziri wa Mabwawa, Mheshimiwa Dakta Mapunga.

"Mheshimiwa, bwawa linajaa! Naomba umpigie Kanali wa Mito."

Dakta Mapunga alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kufikiria. Akavaa ya kufikiria. "Mimi? Nimpigie yeye? Kingazi, maji yanakwenda kwake. Mwenye kupokea mgeni ndiye anayeuliza mgeni anafika lini. Taa yangu ni ya kijani tangu asubuhi. Anaiona."

Nasibu akashuka mbio kwa Waziri wa Mito, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Sengerere, aliyestaafu jeshi bila kulijulisha koo lake.

"Anataka kunikabidhi maji, halafu nimpigie mimi?" alinguruma Kanali. "Ulishaona wapi? Anayeleta ndiye anayebisha hodi! Mwambie taa yangu ni ya kijani!"

"Mheshimiwa, Kwabondo kuna watu. Kuna mama yangu."

"Pole sana, Kingazi. Nami nilikuwa na mama. Ndiye aliyenifundisha kutojishusha."

Nasibu akapanda, akashuka, akapanda tena. Akapendekeza wakutane nusu ya njia, kwenye ngazi. Wote walikubali, mradi mwenzake atangulie kufika. Akampigia Bwana Mbwilo, ambaye alipokea haraka, kwa kuwa kupokea hakumvunjii mtu heshima. Bwana Mbwilo akamshauri kuunda kamati ndogo. Mvua ilikuwa inapiga vioo vya madirisha na Nasibu alihisi kulia, mtu mzima, na tai yake. Akatoa tena simu mfukoni. Mama hajapiga. Mbona hapigi?

Ndipo alipokumbuka stoo.

Bi Tunu alikuwa ameketi kwenye kiti chenye miguu mitatu, kitambaa kimeshafika magotini. Alimsikiliza Nasibu mpaka mwisho, akachomeka sindano kwenye donge la uzi, akasema, "Nilikuuliza siku ile ukacheka. Haya. Hizo simu zenu za maendeleo, moja inaweza kushika watu wawili?"

"Inaweza. Unampigia wa kwanza, unamweka kando, unampigia wa pili, halafu unawaunganisha."

"Sasa si swichibodi hiyo, ila haina matundu? Ilete hapa."

Nasibu aliichomoa simu ya ofisini kwake, akaichomeka kwenye tundu la mtandao lililokuwa ukutani nyuma ya viti. Bi Tunu alisafisha koo. Sauti iliyotoka ni ile ile ya miaka yote, laini, ya mtu asiye na haraka.

"Mheshimiwa Dakta, shikamoo. Kanali yupo kwenye laini, anakusubiri."

Kisha: "Mheshimiwa Kanali, shikamoo. Dakta Mapunga yupo kwenye laini, anakusubiri. Amesubiri sana, maskini."

Kioo cha simu zao kilionyesha kwamba anayepiga ni Nasibu Kingazi. Lakini mkubwa hasomi kioo. Husomewa, na siku hiyo hapakuwa na wa kumsomea, maana makatibu muhtasi walikuwa dirishani wanatazama mvua.

"Naam, Kanali," alisema Dakta Mapunga kwa ukarimu wa mtu aliyesubiriwa. "Nakusikia. Sema shida yako."

"Naam, Dakta," alisema Kanali. "Sema yako."

Kila mmoja alimngoja mwenzake aombe. Nasibu alishika kichwa. Kule bwawani kiganja kilikuwa kimebaki vidole.

Bi Tunu akaingilia. "Waheshimiwa, samahanini, mvua inaharibu laini, inataka kukatika. Wote wawili mnasema jambo moja, nami nimelisikia vizuri. Semeni tena kwa pamoja, liende kwa mlinzi wa bwawa."

Hakuna mkubwa anayependa kubaki nyuma katika jambo ambalo mwenzake ameshalisema.

"Fungueni!" walisema kwa pamoja.

Usukani ukazungushwa. Maji yakatoka bwawani kwa adabu, yakahama wizara, yakapita Kwabondo yakilowesha miguu ya watu na vizingiti vya nyumba, yakaenda zake. Nasibu aliketi sakafuni katikati ya viti vibovu. Bi Tunu akammiminia chai.

Taifa lilisherehekea. Mawaziri wote wawili walipewa nishani ya Uokozi Daraja la Kwanza, kisha wakahutubia. Dakta Mapunga akasema: "Kanali aliponipigia, sikusita." Kanali akachukua kipaza sauti, ingawa hakukihitaji: "Aliyepiga ni yeye! Mimi nilipokea!" Watu wakasahau mafuriko. Nchi ikagawanyika, wengine wakasema kapiga huyu, wengine yule. Ikabidi iundwe tume, nayo ikapewa Bwana Mbwilo, na shahidi akawa Nasibu.

Aliingia ukumbini akipiga hesabu. Akisema kapiga Dakta, Kanali atamla mzima. Akisema kapiga Kanali, Dakta atamla taratibu, kwa miwani zote mbili. Akisema kweli, kwamba hakupiga yeyote, basi uongo wa Bi Tunu wa miaka yote utajulikana, naye atafungwa kwa kuwafanya wakubwa wasubiriane.

"Bwana Kingazi," alisema Bwana Mbwilo, "kati ya waheshimiwa hawa wawili, nani alimpigia mwenzake?"

Nasibu akasimama. "Hakuna, Mwenyekiti. Simu ilijipiga yenyewe."

Kila aliyekuwemo akaacha kujipepea.

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Iliona hatari, ikawatafuta waheshimiwa wote wawili kwa mara moja. Wote walipigiwa. Wote walisubiriwa."

Dakta akavua miwani. Kanali akanyoosha mgongo. Bwana Mbwilo alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona nyuso mbili zilizoridhika, kitu ambacho hakuwahi kukiona katika kamati yoyote. "Si niliwaambia?" akasema. "Nilisema itajifunza!"

Mfumo wa mtandao ukanunuliwa siku hiyo hiyo kwa Jumba zima. Nasibu akawa Mkurugenzi kamili. Na katika chumba cha chini pakawekwa mlango mpya wa chuma wenye maandishi mekundu: MTAMBO. HATARI. USIINGIE. Nyuma ya mlango huo aliwekwa Bi Tunu na birika lake, na namba ya zamani ya ofisi ikarudishwa mikononi mwake. Wageni wa nchi za nje walipoletwa kujifunza, walionyeshwa mlango kwa nje, na walistaajabu sana kusikia mtambo unasema shikamoo.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, simu ya Nasibu ililia.

"Mkurugenzi," alisema Bi Tunu. "Mama yako."

Nasibu hakupanga karatasi. Alipokea papo hapo, furaha imemjaa kifuani. "Shikamoo, mama! Umesikia? Ni mimi niliyehangaika mpaka milango ikafunguliwa! Mimi mwanao!"

"Marahaba, baba. Nimesikia, Mungu akuweke. Maji yalifika kizingitini tu, yakarudi." Mama akaendelea. "Yule jirani yangu, mwanawe fundi baiskeli alimpigia asubuhi ile, akamwambia maji yanakuja, panda kilimani. Wakapanda wengi. Wakaniita."

"Ukapanda nao?"

"Sikupanda. Kule kilimani simu haishiki. Nikasema, wangu yuko serikalini, ndiye anayejua zaidi, lazima atanipigia. Nikipanda atapiga asinipate, atafadhaika. Nikakaa na simu mkononi."

Nasibu akapapasa mfuko wake. Simu ilikuwa humo siku ile nzima. Aliitoa mara ngapi? Aliitazama, akasubiri, akairudisha. Alikimbia ngazi za Jumba zima kuwaomba watu wawili wapigiane, naye hakubonyeza namba ya mama yake hata mara moja. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto.

"Mbona wewe hukunipigia, mama?"

"Nilipiga, baba, ile namba ya heshima. Kila Ijumaa ikawa inalia tuu, tuu, tuu. Nikajua una shughuli." Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Wala si tabia yako kuniweka nikisubiri. Tangu zamani huyu dada wa simu akinipokea huniambia, mama, mwanao yupo kwenye laini, anakusubiri. Namwambia huyo dada, aa, mkubwa mzima ananisubiri mimi! Tunapiga soga kidogo, kisha naongea nawe."

Walipoagana, Nasibu aliitazama taa ya kijani. Miaka yote alidhani uongo ule ulikuwa wa wakubwa peke yao.

Ijumaa iliyofuata hakungoja simu ilie. Alishuka ngazi kwa miguu yake, akaupita mlango wa HATARI bila kubisha, akasimama mbele ya Bi Tunu na kitambaa chake cha makochi, ambacho sasa kilitosha kufunika kochi la Rais.

"Niunganishie Kwabondo," alisema. "Leo napiga mimi."

Bi Tunu akamtazama juu hadi chini. Akabonyeza namba, akaisikiliza inavyolia, kisha akafunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Mama amepokea, ila anafungia kuku kwanza. Nimwambie nini?"

"Mwambie: mama, mwanao yupo kwenye laini, anakusubiri."

"Kama kawaida?"

"Kama kawaida," alisema Nasibu, akavuta kiti chenye miguu mitatu, akaketi kusubiri.